Dhiki Asiyokuwa Nayo Moelagi

Akisuka, Moelagi alikuwa kama mtu aliyelala macho wazi. Alikaa katika nyumba ya wasukaji, miguu ameikunja, chane za mkadi zimelala mapajani mwake laini kama hariri, vidole vikienda vyenyewe. Mwanga wa bahari ulipanda ukacheza darini, na sauti za wanawake zilimjia kama za watu walio ng'ambo ya maji. Mkeka ule ulikuwa na mwaka wa pili, nao ulikuwa bado haujafika nusu.

Alizaliwa na mwili wa kiume, mtoto wa nne wa Talalelei, katika kijiji cha pwani ya Savai'i, kisiwa cha Wasamoa. Tangu utotoni alikaa upande wa dada zake, na kijiji kikamwita faafafine, yaani aliye kwa namna ya mwanamke, kama kilivyowaita wengine kabla yake. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimtunza mama yake, akawafundisha watoto wa shule ya Jumapili aya zao, na aliyekosea kwa uvivu alirudia mara kumi.

Kitu kimoja tu alikitamani: mwili wake ufanane naye. Kwa miaka miwili binamu yake wa Auckland alimtumia vidonge vya homoni za kike, vimefichwa katikati ya biskuti na sabuni. Kisha binamu akahama, vidonge vikakaribia kwisha. Moelagi akasikia kwamba kwenye zahanati yupo daktari mgeni anayetoa dawa hizo kwa utaratibu.

Dokta Iosua alikuwa kijana wa damu ya Kisamoa aliyekulia ng'ambo. Aliweka fomu mezani.

"Hapa wanauliza dhiki ya jinsia," alisema. "Yaani uchungu anaoupata mtu kwa kuwa mwili wake na nafsi yake havikubaliani. Ulianza kuumia lini?"

"Kuumia na nini, dokta?"

"Na kuwa hivi."

"Mimi siumii. Ninapika, ninasuka, ninafundisha kanisani. Nataka tu mwili uje nilipo."

Daktari alijikuna sikio. "Kama dhiki hakuna, sina cha kujaza."

Nesi Peone, aliyesoma na Moelagi shule ya msingi, alimfuata ukumbini. "Wewe nawe. Mwenzako wa kijiji cha juu alilia mpaka akaomba kitambaa. Mwambie unalia. Machozi yana bei gani?"

Moelagi akarudi ndani akasema analia kila usiku. Alipoulizwa kama aliwahi kutumia homoni, akasema hajawahi, kwa hofu ya kunyimwa. Uongo hauji peke yake. Wa kwanza ukishaingia humshikia wa pili mlango. Akatoka na pakiti mbili za vidonge.

Kuanzia siku ile mkeka ulikataa. Mstari ulipinda, akafumua. Akausuka tena, ukapinda tena.

"Fumua," alisema Talalelei bila kuinua uso.

"Mama, ni mstari mmoja tu."

"Leo mstari mmoja, kesho mkeka mzima umepinda kama mdomo wa msengenyaji. Fumua."

Mara ya tatu mama aliweka chane zake chini. "Mwanangu, umemdanganya nani?"

Moelagi akaeleza yote. Talalelei alikusanya chane zake moja moja, akazifunga.

"Umewaambia watu wa dawa kwamba katika nyumba yangu unalia kila usiku," alisema. "Nimekulea miaka thelathini na minne. Nani alikufanya ulie?"

"Hakuna, mama."

"Na mguu huo?"

Moelagi aliuvuta ndani ya nguo. "Umevimba tangu Jumatano."

Mama aliinuka kwa shida, akafungua sanduku, akatoa mkeka wake mwororo kuliko yote, ule aliouweka kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. "Alfajiri," alisema.

Kisiwani humo aliyekosa hujifunika mkeka mwororo akakaa mlangoni pa yule aliyekosewa. Mwenye mlango akiufunua, amesamehe. Akimpita, amemkataa. Desturi hiyo ni ya makosa ya damu na ya heshima za koo, na hakuna aliyewahi kuileta zahanati. Lakini Talalelei alihesabu kwamba uongo juu ya nyumba yake ni kosa la heshima, na Moelagi hakubisha.

Chini ya mkeka, mlangoni pa zahanati, dunia ilikuwa ya rangi ya asali. Mwanga ulipenya katikati ya nyuzi kama mvua nyembamba isiyolowesha, naye akaona kama anaelea, mguu wake mzito ukiwa jiwe pekee lililomshikilia ardhini. Watu walipita.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Moe kamdanganya dokta."

"Basi nusu ya kijiji tungebanana hapo chini. Mimi nilimwambia nimeacha sigara."

Daktari alipofika alidhani ni mgonjwa aliyezimia, akataka kuzunguka aingie kuchukua vifaa. Peone akamshika mkono.

"Usipite, dokta. Anaomba msamaha. Ukipita umemkataa."

"Kosa gani?"

"Nusu ya kosa ni yangu." Nesi akavua viatu vyake vyeupe, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya pembe ya mkeka. "Sogea, Moe."

Daktari alisimama na mkoba wake mkononi, watu wakimtazama. Kisha akainama, akaufunua mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anayemfunua mtoto asimwamshe.

"Dhiki sina," alisema Moelagi. "Vidonge nimemeza miaka miwili. Na mguu umevimba."

Daktari aliubonyeza mguu palepale vumbini, na uso wake ukabadilika. "Usimeze kingine hata kimoja. Huenda damu imeganda. Unapanda pantoni ya asubuhi hii, ukapimwe hospitali kubwa."

"Na karatasi?"

Akaketi chini, fomu gotini. "Neno nililokuuliza ni jina la uchungu, si jina la mtu. Wapo wanaoumia kweli, na kwao neno hilo ni haki yao. Lakini lipo lingine: kutolingana kwa jinsia. Unavyojijua na ulivyozaliwa havikulingana, basi. Hilo halidai machozi. Ningesoma vizuri kitabu changu, ningeliandika siku ile."

"Liandike sasa."

Akakata lile la kwanza kwa mstari, akaandika la pili.

"Dawa lini?"

"Mguu kwanza. Miezi mitatu, labda zaidi. Zikirudi, hazitakuwa vidonge, zitakuwa vibandiko vya ngozini, na tutapima damu yako kila mara."

Miezi mitatu ni mingi kwa aliyengoja tangu utotoni. Moelagi aliitikia kwa kichwa, akampa mabaki ya vidonge vyote. Mkeka wa mama ulibaki mikononi mwa daktari. Uliofunuliwa haurudi nyumbani.

Kwenye pantoni mama alimlaza mguu juu ya bunda la nguo. Maji yalikuwa meupe, mlima umekatwa na wingu katikati, na Moelagi akaanza kusinzia. Talalelei alitoa chane mpya mfukoni.

"Usilale," alisema. "Shika ncha hii. Sasa sina mkeka wa kuzikiwa."