Fimbo za Kumbikumbi

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, miaka ya sitini. Mvua ilinyesha Kisoko usiku kucha, asubuhi jua likawaka.

Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, ijapokuwa sikusoma sana na huenda nikaisimulia vibaya. Nilikuwa kijana, nimevuka mpaka kutoka Busia, upande wa Kenya, kumlimia pamba mjane mmoja wa hapo Kisoko, huko Tororo, upande wa Uganda, Mama Adikini. Tulipatana anilipe pamba ikiuzwa. Wiki ile mvua ya mawe ikaipiga yote, halikubaki hata ua. Yeye sikumlaumu, mawe hayakutoka kwake. Mungu ndiye niliyemlaumu. Nikaamua kanisani siendi tena, na kesho narudi kwetu.

Mama Adikini alinikuta nimejikunyata mlangoni. Kengele ya kanisa, yaani kile kipande cha reli, ilikuwa inalia.

"Wewe nakaa hapo kama kuku ya mvua kwa nini?"

"Leo siendi, Mama. Sina viatu, sina sadaka. Nitaimba nini?"

"Viatu ndiyo naimba? Na mdomo yako uliacha wapi, kwa mpaka?"

Akanitupia fimbo zake mbili, zile za kugonga ardhi kando ya kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, watoke. "Bebea mimi. Tukitoka kanisa tunapita kwa kichuguu."

Nilikwenda kwa ajili ya fimbo tu. Kanisani paa lilikuwa limevuja, ngozi ya ngoma imelowa na kulegea, haitoi sauti. Wimbo ukazorota. Mama Adikini akanipokonya fimbo, akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu ya udongo kwa mdundo uleule wa kichuguu.

Mzee mmoja akapaza sauti, "Adikini! Unatuita tutoke utukaange?"

Kanisa zima likacheka. Watu wakainuka wakiruka, mikono ikipepea kama mabawa. Yeye akanirudishia fimbo. "Piga wewe. Mimi nataka kucheza."

Ulipofika wakati wa shukrani akasimama, jasho likimtoka. "Pamba imekufa. Nilikuwa nafikiri nitalia peke yangu, lakini Mungu aliniletea mtu ya kulia na mimi. Asante."

Mimi nilikuwa nimelilia ujira wangu tu. Niliimba.

Mwanangu, sikuambii kwamba umaskini ni mtamu. Pamba haikuinuka, na kumbikumbi hutoka hata kwa wasiosali. Ninachokuambia ni hiki: ukiwa ugenini huna kitu, usingoje moyo uchangamke ndipo uende kuimba. Nenda tu, hata kama umebeba fimbo za mtu mwingine. Na ukishukuru, mkumbuke aliye kando yako.

Mungu akupe kinywa cha kuimba mawe yakikupiga, na mtu wa kukurudishia fimbo.

Kesho yake sikuondoka. Tulipanda viazi pale ilipokufa pamba. Na jioni ile ya Jumapili tulikula ugali wa wimbi na kumbikumbi wa kukaanga.