Uchawi wa Majirani: Katekista Ladislas na Makabila Manne ya Simu

Kadi ya ukimbizi ya Ladislas inasema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama zinavyosema kadi za karibu nusu ya majirani zake wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, watu ambao, tukiyaamini maandishi, mama zao walikubaliana kujifungua siku moja. Mwenyewe anashikilia kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna mtama, katika vilima vya Makamba, kusini mwa Burundi, na mtama wa Makamba haujapata kuvunwa siku ya mwaka mpya. Amekimbia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kijana, akaishia katika kambi za Kigoma, ambako alijifunza Kiswahili na kazi ya kuandika majina kwenye mgao wa chakula. Mara ya pili alikuwa na mke, watoto wanne na sanduku la madaftari, akaja Nakivale, wilayani Isingiro, akapewa kipande cha ardhi, akalima mahindi.

Kutoka kazi ile ya Kigoma alibaki na tabia moja. Haandiki neno lolote bila kuonyesha pembeni limetoka kwa nani, siku gani, mahali gani. Hata methali ya mkewe ina tarehe.

Kwa miaka tisa Ladislas alikuwa katekista wa kigango cha kijiji chao. Aliipata nafasi hiyo baada ya aliyemtangulia kuondolewa kwa kosa la kwenda kwa mganga kutafuta mbuzi aliyeibwa. Mbuzi alipatikana, kazi haikupatikana tena. Ladislas aliliandika tukio hilo, na kila Kwaresima aliwasomea wakatekumeni wake ili wajue kwamba Kanisa halifanyi mzaha na uchawi. Mwaka huu tunaouzungumzia wakatekumeni walikuwa thelathini na wanne. Alikuwa amewafundisha karibu miaka miwili, na walitazamiwa kubatizwa Pasaka. Desturi ya parokia yao inajulikana: katekista akiondolewa kwa aibu, wanafunzi wake huanza upya na mwalimu mpya, kwa kuwa haijulikani aliwapandia nini.

Basi mtu huyu ndiye aliyetafutwa na kijana wa Mbarara aliyehitaji uchawi.

Kijana huyo aliitwa Arinaitwe. Yeye na wenzake wawili walikuwa na chumba juu ya duka la vipuri vya pikipiki, mjini Mbarara, na humo walikuwa wakitengeneza mchezo wa simu uitwao Milki Nne. Ndani ya mchezo kulikuwa na makabila manne ya kubuni: Watu wa Ziwa, Watu wa Mlima, Watu wa Malisho na Watu wa Njia. Walikuwa na nyuso, mavazi na silaha. Walichokosa ni uchawi wao wa jadi, na wafadhili walikuwa wamesema wazi kwamba uchawi wa jadi lazima uwe wa jadi. Arinaitwe akakumbuka kwamba Nakivale watu wa mataifa mengi wamewekwa mahali pamoja, jambo linalopunguza sana nauli ya utafiti.

"Mzee," alimwambia Ladislas mbele ya kigango, "sisi natengeneza gemu. Iko na kabila ine. Kabila bila uchawi yake, watu hapana cheza."

"Mimi ni mtu wa kanisa, kijana."

"Ndiyo sababu nakuja kwako. Mtu ya kanisa hapana danganya."

"Na huo uchawi unautaka wa namna gani?"

"Ya utamaduni. Lakini isifanane. Wafadhili nakataa uchawi yenye nafanana."

Ladislas alitazama juu. Kigango kilikuwa kimeezekwa kwa turubai lililotobolewa na jua, na masika yaliyopita Padri alikuwa amesoma Injili akishikiwa mwavuli. Arinaitwe naye akatazama juu. Waliafikiana kwa mabati thelathini na misumari yake. Kuhusu dhambi, Ladislas alijiridhisha kwamba kuandika habari za uchawi si kuloga, kama vile kuandika habari za wizi si kuiba. Hoja hiyo ni nzuri, na watu wengi wasomi wameitumia.

Alianza kazi mwezi wa saba, kwa utaratibu wake. Alikwenda kwanza kwa Bienvenu, kiongozi wa kwaya, Mkongo wa Kivu Kusini aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, akamuuliza watu wa kwao walikuwa na uchawi gani.

"Kwetu bulozi hakuna, mwalimu," alisema Bienvenu. "Kwetu ni samaki na sala tu. Bulozi iko kwa bale ba mulima. Mutu wa mulima anaita maharagi yako usiku, nayo yanamufwata. Asubuyi unakuta mashina mitupu."

"Uliyaona?"

"Hapana. Lakini shamba langu niliona, na maharagi haikuwamo."

Alikwenda kwa Cassien, Mrundi mwenzake wa milimani, mtu wa sauti kubwa na miwani.

"Sisi ni Wakristo toka kwa babu," alisema Cassien. "Uchawi uko kwa wale wa ziwa. Usiwaone wanaimba vizuri hivi. Wana radi ndani ya kitunga. Wanaifunika na majani ya mgomba, ukiwakosea wanafunua."

Mwenyekiti wa baraza la kigango, mama mmoja muuza maziwa aitwaye Nyiramana, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, alisema ng'ombe wa kwao hawakuwa na dawa bali majani. Hata hivyo aliweza kuthibitisha habari za maharage. Na wote wawili, Bienvenu na Cassien, kila mmoja kwake na kwa sauti ya chini, walithibitisha kwamba watu wa ng'ombe wakilitaja jina la ng'ombe wa jirani, maziwa huhama kibuyu.

Mtu asiyeijua Nakivale angedhani hawa walikuwa wanaona haya. La. Walikuwa wanajibu kama walivyozoea kujibu. Kila anayefika kijijini na daftari huuliza una nini, na mwenye kusema anacho huondolewa kwenye orodha ya wasionacho. Mtu huulizwa kama ana blanketi, anasema hana. Kama ana jembe, hana. Akiulizwa kama ana uchawi, ulimi unatangulia. Cha jirani ndicho kinachoweza kutajwa bila hasara.

Kwa njia hiyo makabila matatu yalipata uchawi, kila moja kutoka kinywani mwa jirani yake. Kabila la nne lilimsumbua. Watu wa Njia hawakuwa na jirani wa kuulizwa, kwa sababu Nakivale nzima ilikuwa watu wa njia. Akakaa siku mbili karibu na bomba la maji akitazama. Kila asubuhi wanawake waliweka mawe katika foleni, kila mmoja lake, wakaenda kulima, wakarudi saa tatu baadaye. Hakuna aliyesogeza jiwe la mwenzake. Alipouliza kwa nini, walimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. Akaandika: Mtu wa Njia huacha jiwe, na jiwe huwa ni yeye.

Mbarara alifika kwa bodaboda mpaka Rwekubo, kisha kwa teksi. Vijana walimkalisha kwenye kiti kinachozunguka, wakasikiliza kwa adabu.

"Hii radi ya kitunga ni sawa," alisema Arinaitwe. "Maziwa sawa. Maharage, ee, tutaona. Lakini mzee, hii yote ni ya kweli?"

"Ni kweli kwamba wanasema."

"Hiyo natosha."

Kulikuwa na fomu moja iliyosalia, ya kuthibitisha kwamba wenye utamaduni wameridhia utamaduni wao utumike. Ladislas aliisoma mara mbili, akaweka saini kwa niaba ya makabila manne yasiyokuwapo. Huo, kwa kumbukumbu zilizopo, ndio uwakilishi mpana zaidi aliowahi kupewa mkimbizi wa wilaya ile.

Mabati yalifika mwezi wa nane. Mchezo ulifika Januari, kupitia kibanda cha kuchajia simu. Katika wiki mbili kila mwenye simu ya kupangusa alikuwa ama anarusha radi ama anaikimbia, na mwishoni mwa mchezo, katika maandishi madogo ya shukrani, lilikuwamo jina la Ladislas likiwa na cheo alichopewa na Arinaitwe kwa heshima: Mjuzi wa Uchawi, Nakivale.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima baraza liliitwa, Padri akiwapo. Ladislas hakula asubuhi hiyo. Alimwambia mkewe kwamba wakimwondoa yeye si neno, lakini wale thelathini na wanne wana bibi mmoja wa miaka sabini na tisa, naye hana miaka miwili mingine ya kuanza upya. Akavaa koti, akachukua daftari, akaenda na maungamo yaliyoandikwa kurasa tatu.

Nyiramana alifungua kikao. "Tumeitana kwa ajili ya uchawi ulioingia kijijini kwa njia ya simu."

Ladislas akasimama na karatasi zake.

"Kaa kwanza, mwalimu. Wacha watu waseme."

Bienvenu akasimama. "Mi niko na neno moja tu. Radi yetu inapigaka mara moja, kisha inalala dakika tano. Kwa nini ilale? Kwetu radi hailalake."

Ladislas alishusha karatasi. "Bienvenu, mwezi wa saba uliniambia kwenu hakuna uchawi."

"Uliniuliza kama jirani. Ungesema ni ya mradi, ningekuambia iko mingi."

"Hata mimi sikuandikishwa," mtu alisema kutoka nyuma.

"Mama mwenyekiti," alisema mwingine, "maziwa yakihama kibuyu, adui anakufa lini? Kwa kiu?"

Nyiramana alikiri kwamba hata yeye alikuwa ameliona hilo, na kwamba bibi yake alikuwa na mambo makubwa zaidi, ambayo angeyaeleza mbele ya mtu anayehusika. Ikapendekezwa kamati ya kwenda Mbarara. Ikapendekezwa wajumbe wawili kwa kila kabila. Watu wa Njia hawakupata mjumbe, kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejihesabu kuwa mmoja wao. Padri alikuwa ameshika kichwa. Ladislas alianza kupumua.

Hapo Cassien akasimama, akavua miwani.

"Mimi sitaki kamati. Nataka kujua kitu kimoja. Nani alisema watu wa mlima wanaiba maharage?"

Akaligeukia benchi la kwaya.

"Wengine mna radi. Sisi mmetupa wizi. Watoto wangu wanachekwa kisimani. Mwalimu huandika jina la kila anayesema, sote tunajua. Afungue daftari atusomee."

"Asome," alisema Bienvenu, ambaye alikuwa amesahau. Kisha akakumbuka, akakaa.

Ladislas alilishika daftari kwa mikono miwili. Alijua kilichomo. Kama angesoma ukurasa wa maharage, Bienvenu na Nyiramana wasingelala kwao salama. Cassien naye angesomewa radi ya kitunga mbele ya kwaya nzima, nusu yake watu wa ziwa. Mwaka uliotangulia, upande wa pili wa makazi, mzee mmoja alichomewa nyumba kwa neno dogo kuliko hayo. Na kama asingesoma, ujuzi huo ungekuwa wake mwenyewe.

"Mwandiko wote humu ni wangu," alisema. "Hakuna mwandiko wa mtu mwingine."

"Hatuulizi mwandiko," alisema Cassien. "Tunauliza maneno."

"Nami nimejibu."

Padri akainua kichwa. "Ladislas, mambo haya uliyatoa wapi?"

"Padri, nimesema mwandiko ni wangu."

"Unaelewa watu watakavyokuelewa?"

"Naelewa."

Bienvenu alitazama viatu vyake. Nyiramana aliona nzi juu ya meza, akamshughulikia kwa muda mrefu. Ilionekana sasa kwa kila mtu kwamba mtu anayejua uchawi wa makabila manne pasipo kuambiwa na yeyote hakuujua kwa kusoma. Watu wa benchi lake wakasogea kidogo, bila ubaya.

Padri alimsimamisha kazi mpaka Pentekoste. Kwa toba aliagizwa akae darasani na wakatekumeni, kama mwanafunzi, asifundishe neno. Alipoulizwa kama wale thelathini na wanne wataanza upya, Padri alifikiri, akasema watafanyiwa mtihani Jumamosi ya kabla ya Matawi. Wakijua, watabatizwa, wasipojua, wataanza. Mwalimu mpya akateuliwa Cassien, kwa sababu ya sauti na miwani.

Zilibaki wiki mbili na siku sita. Siku ya kwanza Cassien alifundisha kwamba sakramenti ni sita, akazihesabu vidoleni, akapata tano. Akasimama. Akalitazama benchi la mwisho, ambako Ladislas alikaa kati ya bibi wa miaka sabini na tisa na msichana mwenye kitoto mgongoni.

"Wewe, mwanafunzi," alisema Cassien. "Sakramenti ni ngapi?"

Ladislas alisimama, kama mwanafunzi anavyopaswa, akazitaja zote saba, na maana ya kila moja, na mahali zilipoandikwa. Ilichukua robo tatu ya saa. Kesho yake Cassien aliuliza kuhusu Roho Mtakatifu, akaketi. Hakuna agizo lililovunjwa: mwalimu aliuliza, mwanafunzi akajibu, na darasa likaandika. Katika wiki hizo Cassien hakupata kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Padri aliwatahini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Wote thelathini na wanne walipita, na bibi alimsahihisha Padri kuhusu jambo moja la Nuhu.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Cassien alimfuata Ladislas hadi shambani kwake, akasimama kati ya mahindi.

"Mwalimu," alisema. "Ule ukurasa wa radi. Jina langu limo?"

Ladislas aliinama, akang'oa gugu moja, akalitupa mbali na mstari.

"Mimi ni mwanafunzi wako mpaka Pentekoste," alisema. "Niulize la katekisimu."