Sahani ya Saitabau

Hakuna kilichomuudhi Sikuzani, mpishi wa hospitali moja ndogo pale Mikumi, kama sahani kurudi jikoni na chakula. Miaka kumi na tisa kashika mwiko, halafu mtu amrudishie ugali? Thubutu! Hata tangazo alilibandika mwenyewe wodi ya wanaume: CHAKULA NI CHA MGONJWA TU. Mgeni aliyejifanya hajui kusoma alisomewa kwa mwiko.

Sasa wiki nzima sahani moja ilirudi vilevile: ya Saitabau, morani aliyevunjika mguu. Jumatatu maharage yalirudi. Jumanne akampelekea dagaa, Mungu amsamehe. Mmaasai na dagaa wapi na wapi? Jumatano, maziwa. Nayo yakarudi.

"Anakula vijiko viwili vitatu vya kumezea dawa tu, na kidonda hakifungi," alisema Bibiana, muuguzi mkuu. "Chakula hatuwezi kumwaga kila siku. Kesho namtoa kwenye orodha."

"Umtoe? Na kwao ni mbali, nani atamletea?"

Sikuzani akaenda wodini moja kwa moja, mwiko mkononi.

"Wewe kijana, chakula changu kina sumu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, maana hasira haifuti salamu. "Haya, sema."

"Chakula kizuri, mama. Ila morani hali peke yake. Hata maziwa, lazima mwenzake awepo. Ni aibu."

"Sasa huyo mwenzako yuko wapi?"

Saitabau akalitazama tangazo, kisha mwiko. "Lenku, morani mwenzangu? Ulimfukuza siku ile ya kwanza. Bado anakuja. Anakaa getini."

Alaa! Sikuzani akamkumbuka: kijana mrefu, mlinzi wa gesti; alipomfukuza alikuwa ndiyo kwanza ananawa. Uso ukamwiva kwa aibu. Akalibandua tangazo, akatoka mbio na kandambili zake.

Lenku alikuwepo getini. Alipouona mwiko, hakungoja maelezo. Akatimua mbio kuelekea barabara kuu.

"Rudi, mwanangu!" Sikuzani akapiga kelele, madereva wa malori wakicheka. "Nimekosa mimi! Rudi ukale!"

Akarudi, nusu akiamini. Wodini alimega matonge mawili tu, ya kumsindikiza mwenzake. Saitabau akamaliza yote, akaomba nyongeza.

Jioni Sikuzani aliosha sahani ile mwenyewe, akijiuliza miaka kumi na tisa hii ni wangapi aliowashindisha na njaa.