Nilimbishia baba mkwe mwanajeshi kuhusu demokrasia ya mtutu, akaitisha kura juu yangu sebuleni kwake

Wakuu, habari za jioni. Naomba niwasimulie kilichonikuta ukweni, Miyuji. Aliyeaibika ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Wengi humu mnajua msimamo wangu. Kila uzi wa nchi yenye dikteta, mimi ndiye yule wa "jeshi liingie, limtoe, wananchi wapige kura, kwisha habari." Nimewabishia mpaka mkachoka.

Sasa nikapata mchumba, Neema. Mimi nimepanga mtaa wa Nkuhungu, kwao ni mtaa wa Miyuji, mji huohuo. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu, aliwahi kupelekwa nje kulinda amani.

Siku ya kwenda kujitambulisha Neema akanionya: "Ukifika toa shikamoo, kula, nyamaza."

Shikamoo nikatoa. Ugali wa uwele na mlenda nikala vizuri tu. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Kwenye taarifa ya habari wakaonyesha nchi fulani imevamiwa, eti inakombolewa. Mzee akaguna. Basi mimi huyo, nikaanza kushusha point kama niko humu jukwaani! Neema ananikanyaga mguu, mimi ndio kwanza napandisha sauti.

Mzee akaniacha nimalize.

"Mwanangu, mimi nimelinda kituo cha kura na bunduki mkononi. Watu walipanga foleni safi kabisa. Sanduku tulilileta sisi, kwa gari letu. Tulipoondoka, hata mwaka haukuisha, wakarudi kulekule kwenye udikteta."

Nikamjibu, "Labda hamkukaa muda wa kutosha, mzee."

Jamani! Siku ya kujitambulisha!

Mzee akacheka. Akaita nyumba nzima: mama, shangazi, na wadogo wawili wa Neema. "Tunapiga kura. Anayemkubali huyu kijana anyooshe mkono." Halafu akatoa sauti ya kambini: "Nyoosha!"

Mikono yote juu, na wa Neema pia. Uongo dhambi, nilifurahi.

"Umeshinda kwa kishindo," mzee akasema. "Sasa mtazame mama."

Mkono wa mama uko juu, macho kayainamisha sakafuni.

"Mama Neema, sema ukweli wako," mzee akamwambia, safari hii kwa upole.

Mama akashusha mkono. "Huyu kijana ana mdomo mwingi. Mikono yake sijaiona ikifanya kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Binti simtoi kwa kura hii," mzee akanigeukia. "Mkono wa mama katafute mwenyewe. Mimi sikusaidii."

Wakuu, ikawa kila Jumamosi niko kwenye shamba la zabibu la mama. Kupalilia, kubeba samadi, kupogoa matawi. Mara ya kwanza alinipa jembe bila neno. Malengelenge yakanitoka, nikarudi. Wiki chache mbele akaniletea chai. Siku nyingine akanicheka mpaka akakaa chini, eti nanyoa mizabibu upara. Nikajikuta nampenda yule mama, hata habari ya kura nikaisahau.

Mwezi uliopita wazee wangu wakaja kutoka Kondoa kuleta posa. Mzee akakohoa ili aanze kuuliza watu wake.

Kabla hajafungua mdomo, mama akanyoosha mkono. Peke yake. Ananitazama usoni.

"Hapo mimi sijaamuru mtu," mzee akasema.

Nililia, tena mbele ya wajomba zangu. Nichekeni tu.

Kwa hiyo wakuu, zile comment zangu za "jeshi liingie" nazifuta. Bunduki inaweza kumtoa mtu kwenye kiti, sibishi. Ila watu wakinyoosha mikono kwa kuogopa, ukigeuka tu wanaishusha. Mimi nimeiona ikishuka, na ilikuwa sebule tu, sio nchi.

Mwenye hoja tofauti aje anipinge, nitamsikiliza. Nikichelewa kujibu msinune, kesho Jumamosi, mama mkwe ananisubiri shambani.