Nalipa Nikifika

Shule niliiacha darasa la sita. Hakukuwa na kisa cha kuhuzunisha, ila barabara ya kwenda Namanyere ilipita karibu mno na dirisha la darasa. Kwa hiyo mama alipotafuta mtu wa kumtuma Lusaka, hakuhangaika. Watoto wake wengine walikuwa na mashamba na wake. Mimi nilikuwa na miguu.

Dada yake, mama yangu mkubwa, aliolewa Zambia kabla sijaota meno. Barua yake ilitufikia nyumbani Chanji ikiwa imechelewa: Jumamosi anahama mjini, anamfuata mumewe shambani, huko ambako hata posta hakuna. Ni wapi, hakusema. Nisipomkuta siku hiyo, mama angekuwa amempoteza dada yake wa pekee. Nikapewa kiroba cha ulezi na anwani kwenye karatasi. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anavuka mpaka na kurudi na vitenge, sabuni na majigambo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona napanda lori.

Hapa niseme jambo la malori yetu. Ukipandia kijijini Milepa kuja mjini kwetu, unakaa juu ya magunia, na unalipa ukishashuka na mzigo wako ukishashuka. Kumlipa dereva mapema ni kumpa ruhusa ya kuharibikiwa. Na huwa hachagui malipo: hela, maharage, hata kuku akiwa na afya. Nilidhani dunia nzima inaendeshwa hivyo.

Jumamosi asubuhi nikawa Lusaka, mfukoni nina shilingi tu, maana kwacha nilizobadilisha mpakani ziliishia njiani. Nikapanda basi kubwa, nikakaa siti ya mbele. Kondakta akaninyooshea mkono hata injini haijawashwa.

"Nalipa nikifika," nikamwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kifipa, kisha kwa sauti kubwa.

Kondakta hakuambulia kitu. Mama niliyekaa naye, muuza vitenge aliyezoea soko la Tunduma, akaamua kuingilia.

"Anasema ulipe sasa."

"Shikamoo, mama. Mwambie basi lenyewe halijatembea. Nalipia nini, kiti?"

Akamwambia. Kondakta akajibu.

"Anasema ndiyo, kiti."

"Na likiharibika njiani?"

"Mwanangu, hapa mjini. Likiharibika unashuka, unapanda lingine."

"Unalipa tena?"

"Unalipa tena."

Nikasimama, nikawageukia abiria na kuwaeleza kwamba wanaibiwa. Nilizungumza kwa muda mrefu kidogo, na kwa mikono. Kondakta akaniacha, akaenda mlangoni kuita watu. Basi likaondoka, na yule mama akasinzia.

Hatujafika mbali, mtu wa nyuma akanigusa bega na kunipa noti.

Kwetu, abiria akigombana na utingo kwa sababu ya nauli, wenzake humchangia kimyakimya. Huulizi, unapokea kwa mikono miwili na kupiga makofi taratibu ya kushukuru. Nikapokea, nikapiga makofi. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mji mkubwa namna hii, na watu bado wana roho hizi! Nikazikunja, nikazitia mfukoni. Ilipokuja ya nne nilikuwa nimeshaigeukia kabla sijaguswa.

Kondakta akarudi. Akauliza kitu, na vidole vyote vya nyuma vikanielekea mimi. Mmoja akatamka neno ambalo halihitaji mkalimani. Yule mama akazinduka.

"We kijana, hela za watu ziko wapi?"

"Wamenichangia."

"Wamekuchangia nini, msiba? Hiyo nauli yao! Wa nyuma anampa wa mbele, wa mbele anampa kondakta!"

Kondakta akagonga bati, basi likasimama. Yule mama akanitafsiria: "Anasema ushuke naye, ukaeleze polisi."

Aibu ningeweza kuila na kushiba. Lakini polisi ni kutwa nzima, na mama yangu mkubwa alikuwa anafunga mizigo. Nikamwaga noti zote kwenye kiganja cha kondakta, nikapiga magoti katikati ya basi. Yule mama akaeleza. Nusu ya basi ikacheka, na aliyeniita mwizi akataka kujua ningekusanya kiasi gani hadi kituo cha mwisho.

Kondakta hakucheka. Bado nauli yangu. Nikafungua kiroba.

"Mwambie apime."

Yule mama hakutafsiri. Alichota ulezi, akaunusa, akatoa bakuli kwenye kapu lake. "Huu wa pombe, hapa mjini tunautafuta. Nauli yako nalipa mimi." Akapima bakuli, likajaa mlima. Kondakta akakumbuka kwamba kiroba nacho kina nauli. Yule mama akapima la pili. Kisha kwa kazi ya ukalimani, la tatu.

Nilimkuta mama mkubwa juu ya pikapu, amekalia godoro, injini inanguruma. Akanitazama.

"Masikio ya baba yako hayo. Panda nikuone."

Nikampa shikamoo na kiroba. Akakinyanyua, akakunja uso.

"Mdogo wangu amekuwa mchoyo hivi?"

"Nusu nimelipia basi, mama."

"Ulifika kwanza?"

"Hapana. Nililipa njiani."

"Njiani!" Akanitazama kama mtoto aliyejikojolea ugenini. "Hawakukufundisha kitu huko nyumbani?"

Akanitajia kijiji anachohamia, mto wake na duka lililo jirani, nikaandika nyuma ya ile karatasi kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Akataka nimsomee mara mbili, asije akapotea kwa kosa langu. Nikaruka chini. Dereva akatoa kichwa dirishani, akamnyooshea mkono kudai chake kabla ya safari.

Mama mkubwa, pamoja na miaka yote hiyo ya Lusaka, akakibana kiroba katikati ya magoti na kujiweka sawa juu ya godoro.

"Mwambie nalipa nikifika."

Dereva akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Nikampungia mkono.