Mwanzi wa Betri

Wegesa alirudi kutoka Bunda na vumbi mpaka kwenye kope, na adapta hakuipata. Alifungua chumba chake pale mtaa wa Mukendo, akavua viatu, akajitupa mkekani. Mbele yake ilikuwapo televisheni ndogo, na chini yake ile gemu ya Kichina yenye vishikio viwili, kimya. Aliitazama kwa hasira. Ukichoka sana hata kitu kisicho na roho unaweza kukichukia.

Kiwanda kilipompunguza kazini, alichukua kiinua mgongo chake akanunua vitu hivyo viwili kwa mfanyabiashara wa Sirari. Majirani walicheka mbavu zikawauma: mama mzima na michezo ya watoto! Haukupita muda wakawa wanawaleta watoto wao wenyewe wacheze kwa kulipia, ili nao wapumue. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, madukani kumejaa sabuni na redio za Dubai, ila mwenye mshahara ukimtafuta humwoni. Wegesa akawa na kazi yake. Kisha siku moja umeme wa mgao ukarudi kwa kishindo, na adapta, kile kijisanduku cheusi kinachopunguza umeme wa ukutani ili gemu iumudu, ikatoa moshi. Televisheni ilipona kwa kuwa ilikuwa imechomolewa.

Felisiani, fundi redio wa Nyakato, aliifungua adapta, akainusa, akatikisa kichwa. Alijaribu adapta ya redio. Picha ikaja, ikatetemeka, ikafifia.

"Hii inataka volti tisa zenye nguvu, dada," alisema. "Tena hasi wameiweka katikati ya pini. Sijui hawa watu waliwazaga nini."

Alichoweza ni kukata ule waya wenye pini na kupiga fundo upande wa hasi. Wegesa akipata chochote cha volti tisa, fundo liende kwenye hasi. Betri sita mpya za tochi zingefaa, lakini gemu ingezimaliza upesi, na Wegesa hakuwa na uwezo wa kununua hata mbili. Ndiyo maana akazunguka maduka yote ya mjini, na mwisho mnada wa Bunda, akionyesha waya wake kwa watu waliomtazama kama mgonjwa.

Na kilichomkosesha usingizi hakikuwa gemu yenyewe. Mumewe, Thadeo, alifariki mwaka juzi, na ukoo wa mumewe kule kijijini Bukima uliamua kwamba arithiwe na shemeji yake, Masatu, ambaye mke anaye. Wegesa alikataa. Alikwenda Butiama kwa kaka yake, Matiko, amtetee japo kwa neno moja. Matiko hakunyanyua hata macho. "Ng'ombe za mahari yako zilishaliwa, Wegesa," alisema. "Mimi nitarudisha nini?"

Masatu hakuwa mtu mbaya, haki yake apewe. Alisema mbele ya wazee kwamba Jumapili baada ya misa angekuja mjini. Akimkuta shemeji yake yuko kazini, atamwacha na maisha yake. Akimkuta amekaa tu, afunge mizigo. Wegesa alikubali mbele ya wazee haohao, kwa sababu siku hiyo gemu ilikuwa nzima.

Sasa ilikuwa Jumamosi, mchana.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mama mkwe wake, Nyamburi, redio kwapani na mfuko wa rambo mkononi. Alisema ametangulia siku moja ili miguu ipumzike kabla ya maneno. Wegesa alimpokea mizigo, akampa maji, na moyoni akajisemea kwamba wamemletea mpelelezi.

Bibi alikunywa, kisha akaelekeza kidevu kwenye gemu. "Ndiyo hii kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Inafanyaje?"

"Kwa sasa haifanyi. Imekosa umeme wake." Wegesa akamweleza yote, mpaka lile fundo. Hakuwa na nguvu ya kuficha kitu.

Nyamburi akasikiliza bila kukatiza. Wegesa alipomaliza, bibi aliinamisha mfuko, betri kuukuu zikamwagika sakafuni, na pamoja nazo kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati na kufungwa vipande vya mpira wa tyubu. Bukima hakuna umeme, na betri haitupwi. Iliyochoka huanikwa juani ikarudiwa na nguvu kidogo. Ikichoka zaidi, huongezewa wenzake, zikapangwa kwenye mwanzi kichwa kwa mkia, mpaka redio iseme.

"Mama, hizi si ni za redio yako?"

"Najua ni za nini. Leta bati tuanike, jua lisituache."

Wegesa aliona haya. Kila jioni Nyamburi husikiliza matangazo ya vifo, na ni redio hiyo iliyomwambia kuhusu Thadeo, kabla hajafika mtu yeyote. Tangu hapo haikumtoka kwapani. Mkwe haombi kitu kama hicho, na hata akipewa hajui ashike kwa mkono gani.

Jumapili ilikuwa zamu ya Mukendo kupata umeme. Walitoka misa ya kwanza wakaanza kupanga. Wegesa alishikilia waya, fundo kwenye hasi. Bibi alipanga betri, akatega sikio.

"Haisemi. Ongeza."

Wakaongeza.

"Bado. Hizi zimechoka sana. Ongeza tena."

Waliendelea hivyo mpaka mwanzi ukajaa, na Wegesa akahisi joto likipanda kwenye gemu. Akanyofoa waya upesi. Gemu haina mdomo! Mdomo wake ni televisheni, na televisheni hawakuiwasha. Walikuwa wameketi kama watu wa Bukima wanaosubiri redio iseme, nusura waiue kwa nguvu iliyozidi. Wakatazamana. Nyamburi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote wawili wakacheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Waliwasha televisheni, wakapunguza betri moja moja, na picha ikasimama.

Masatu alipofika na baiskeli yake, watoto walikuwa wamejaa mkekani wakipigania zamu, na Wegesa yuko katikati anaamua ugomvi. Shemeji alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alitazama watoto, akatazama televisheni, na macho yake yakashuka mpaka kwenye mwanzi. Aliufahamu. Ni yeye aliyeukata, akaupasua kwa panga lake mwenyewe.

"Mama," alisema polepole, "redio yako utaiwashaje?"

"Nimekuja kumwona mkamwana wangu, nimemkuta kazini," Nyamburi alijibu. "Wewe ulisemaje mbele ya wazee?"

Masatu alivaa kofia yake. Alimpa Wegesa mkono, akamwita shemeji, na kwa jinsi alivyolitamka, ilieleweka kwamba atabaki shemeji tu. Kisha akatoka kuigeuza baiskeli.

Wegesa alimpandisha bibi kwenye keria, akamwekea redio mapajani. Alitaka kushukuru, akaishia kumkunjia pindo la khanga lisinaswe na gurudumu.

"Zikichoka usizitupe," Nyamburi alisema. "Zianike, zipumzike. Na wewe upumzike, una macho ya mgonjwa."

"Na matangazo, mama?"

"Nilikuwaga nasikiliza nijue nani amekufa. Basi wewe usife," alisema, akishika kiuno cha Masatu, "maana sitasikia."

Baiskeli ikaondoka. Ndani mtoto mmoja alipiga kelele kwamba picha inafifia. Wegesa aliwarudisha watoto makwao, akazitoa betri, akazipanga juu ya bati moja baada ya nyingine. Halafu akatandika khanga kando yake, akajilaza palepale juani.