Saa Iliyosema Thelathini

Mkonge ukisagwa hunuka kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni, na harufu ile haibishi hodi. Iliingia kwenye nyumba zetu za kambini, nje kidogo ya Kilosa, ikalala kwenye nguo, ikakaa kwenye ugali, na ukienda mjini watu walijua umetoka wapi kabla hujafungua mdomo. Mahali pekee ambapo haikufika ni ndani ya lori la baba, pale mbele anapokaa dereva. Humo mlinuka petroli, tumbaku yake, na ngozi ya kiti iliyopigwa jua. Baba yangu aliitwa Gaudensi. Aliletwa kutoka Songea akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wake wakiwa manamba, wale vibarua wa mkataba waliosombwa kuja kukata mkonge wa wazungu, na katika ukoo wake yeye ndiye wa kwanza kushika usukani badala ya panga. Siku nilizokuwa na adabu aliniruhusu kukaa humo gari likiwa limesimama. Nilitazama kitu kimoja tu, kile kioo cha mviringo mbele ya usukani, chenye namba na mshale. Kambini sote tulikiita saa ya gari. Hakuna aliyetufundisha jina jingine. Ya mkononi inahesabu mchana, ya gari inahesabu mwendo, basi zote ni saa.

Mkubwa wa shamba tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu aliita watu kwa mluzi kama wanavyoitwa mbwa. Jina lake la kwao sikulijua na sasa silitaki. Huyo alitoa amri kwamba lori likibeba watu, mshale usipite thelathini, na kwa kuwa alituona wote vipofu wa maandishi, akatia nukta ya rangi nyeupe juu ya kioo, penye namba hiyo. Baba aliishika amri ile kama mwalimu wa dini anavyoshika saumu. Madereva wenzake walimcheka, wakasema Gaudensi anaendesha jeneza. Yeye akajibu, "Jeneza halipinduki." Mimi nilijivuna. Nilisoma hadi darasa la pili tu, lakini thelathini niliijua kabla ya kujua kuandika jina langu.

Kila Jumamosi lori lilikwenda Mikumi kuchukua manamba wapya waliotoka upande wa Iringa, na likienda tupu wanawake wa kambi walipewa nafasi nyuma hadi Masanze, kwao mama yangu, kufuata mahindi. Nami nilipanda. Huko nyuma aliyetawala alikuwa Mama Chausiku, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua kuni. Aliongoza wimbo wa manyapara. Kila ubeti ulikuwa wa msimamizi mmoja, huyu tumbo lake, yule kilemba chake, mwingine mkewe aliyemkimbia, na ubeti wa mwisho ulikuwa wa Mluzi mwenyewe. Huo haukuimbwa ndani ya shamba, asilani. Tuliutunza mpaka magurudumu yagonge mbao za daraja, kwa maana ng'ambo ya daraja si mali yake tena. Wimbo ulikuwa umepimwa kwa safari kama nguo inavyopimwa kwa mwili. Ukianza getini mwa kambi, daraja linafika ubeti wa Mluzi unapoanza, na hapo akina mama wanapiga vigelegele mpaka vinyweleo vya shingo vinasimama.

Kisha ikaja masika, barabara ikawa uji. Lori likazama mara nyingi, na Mluzi akachoka kulingoja. Akamwamuru fundi wa gereji, Hemedi, avue magurudumu ya lori jingine kubwa lililokufa nyuma ya kiwanda, amfungie baba. Hemedi akafunga. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba mimi kupanda ilibidi nisukumwe matakoni. Matope hayakutushika tena, na baba akaja nyumbani akicheka. "Hata Mikumi imesogea," alimwambia mama. "Saa inahesabu maili chache kuliko zamani. Barabara imefupika." Mama, ambaye hakuwahi kushika usukani, akamjibu huku akipepeta, "Njia ya mwongo ni fupi, baba Tatu," Tatu nikiwa mimi. Tulicheka sote. Nikikumbuka kicheko kile siwezi kukaa kitini, nainuka, natembea uani mpaka kipite.

Jumamosi ya kwanza baada ya matope kukauka, tuliimba kama kawaida. Tukafika darajani, na ubeti wa Mluzi tulikuwa hatujaugusa, bado tulikuwa kwa nyapara mwenye kilemba. Akina mama wakatazamana. Tuliposhuka Masanze, Mama Chausiku akaenda dirishani kwa baba.

"Shemeji, leo wimbo umebaki."

"Basi imbeni haraka."

"Sisi hatukubadilika. Gari ndilo limebadilika. Linakimbia."

Baba akagonga kioo kwa kidole, pale penye nukta nyeupe. "Mshale haujapita hapa. Saa haina sababu ya kunidanganya, haina mke wala watoto."

"Haya," akasema Mama Chausiku. "Sikio langu nalo halina."

Jumamosi iliyofuata nilikaa ukingoni mwa bodi la lori, nimeshika kamba. Kabla ya daraja kuna mteremko na kona. Upepo ulinipiga usoni mpaka machozi yakatoka, na nakumbuka mwili wangu ulijua mwendo umezidi, miti ilipita kama watu wanaokimbia mazishi. Mama Chausiku aliukata wimbo katikati, akapiga paa la mbele kwa kiganja. "Punguza, shemeji." Baba, najua alifanya nini kwa kuwa alilisema hadi anakufa, alitazama saa. Mshale ulikuwa kwenye nukta. Akaiamini. Kona ikatushinda, lori likalalia ubavu, likatumwaga. Mama Chausiku na mwenzake mmoja hawakuinuka. Mama yangu alichubuka tu. Mimi mguu wa kulia ulivunjika chini ya chuma cha bodi. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba alisikia la mkuu, akalishika neno kwa neno. Guu lililovunjika ni langu.

Kesi ilikatwa Kilosa, nami nilibebwa mgongoni na mama kwenda kuisikiliza. Mluzi alisimama akasema aliamuru thelathini, na kwamba alama za matairi barabarani na namna lori lilivyotupwa zinaonyesha dereva alikimbia zaidi. Na kweli tulikuwa tumekimbia zaidi, hapo hakusema uongo. Ila ya magurudumu hakuyataja. Hakimu, mzungu naye, akampa baba nafasi ya kujitetea. Mkalimani alikuwa Kosmas, kijana wa ofisi mwenye suruali ya kaki iliyonyoka kama rula.

Baba akasema, "Bwana mkubwa, saa yangu ilisema thelathini."

Kosmas akatafsiri. Hakimu akautazama mkono wa baba, mtupu.

"Anauliza saa yako iko wapi."

"Iko kwenye gari."

"Anauliza ni saa ya namna gani hiyo yenye thelathini. Za wenzako zinaishia kumi na mbili."

Watu wakacheka, hata askari. Baba akageuka kututazama, uso wake ukajikunja kama jani lililotupwa motoni, na akaacha kujitetea. Labda utaniambia Kosmas hakujua ni saa ipi. Nasema alijua. Alipanda lori lile mara ngapi, akikaa mbele, akiitazama saa ile ile na kuiita saa kama sisi. Siku hiyo alitaka kuchekesha wakubwa. Baba akafungwa, akapelekwa jela Morogoro.

Hemedi fundi alikuja kutupa pole na kuku mkononi. Akakaa, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji, tairi likiwa kubwa, saa inasema kidogo. Nilijua siku ile ile ninafunga."

Mama akamuuliza, "Mbona hukusema mahakamani?"

"Nina watoto, shemeji."

Mama akanionyesha mimi, mguu ukiwa umefungiwa vijiti. "Na huyu ni nini, mbuzi?"

Kuku tulimrudisha. Ndio hao, Mluzi, Kosmas, Hemedi. Nimewataja, na wajukuu zao wakikasirika waje.

Baba alirudi mzee. Hakugusa usukani tena, wala hakupanda gari. Alitembea. Kilosa hadi Masanze kwa miguu, Masanze hadi Mikumi, kando ya barabara, na gari likipita alisimama akalikazia macho mpaka lipotee. Watu walisema amerukwa na akili. Alikuwa anapima mwendo.

Leo nina mvi, napika wali na maharage Mikumi kwa madereva wa malori yanayokwenda Zambia. Lami imelala nyeusi mpaka Iringa, vibao vinahesabu kilomita badala ya maili, mzungu hayupo, na mashamba mengine yamegeuka pori. Madereva ni watoto wazuri, shikamoo mama zao nyingi, ila nikiwauliza kama saa za magari yao zinasema kweli wananiongezea chai mimi, wakidhani nimechoka.

Juzi nilitoka kuzika Kilosa, nikapanda basi la kurudi kwa barabara ya zamani. Nilikaa nyuma ya dereva. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri, nasi tunapaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "saa yako imekufa."

Akanyanyua mkono, akatazama saa ya mkononi. "Haijafa, mama. Ni saa nane kasoro."

Nikamkumbuka baba mbele ya hakimu. Tulipokuwa tunapita penye geti la zamani nilianza kuimba moyoni, tumbo kwanza, kisha kilemba, kwa mwendo wa Mama Chausiku, bila kuharakisha. Daraja, siku hizi la zege, likatokea mbele nikiwa bado kwenye kilemba. Nikamgusa dereva begani.

"Nishushe hapa."

"Hapa porini, mama? Na mguu huo?"

"Hapa hapa."

Akanishusha, abiria wakanicheka dirishani. Vumbi lilipotulia nikavuka daraja kwa miguu yangu, taratibu, na ubeti wa Mluzi nikauimba wote, kwa sauti.